WEMBE MMOJA, VIDEVU SITA

Mlezi wa Chama cha Kiswahili alipotuomba makala mwaka huu, wenzangu wengi walikimbilia ushairi na methali. Mimi nimechagua somo ambalo watu hulikwepa. Kila muhula wavulana wa madarasa ya chini hunivuta kando ya bweni na kuniuliza kwa kunong'ona, kana kwamba wanaungama dhambi: "Kaka, nianze kunyoa ndevu lini?"

Swali ni zuri. Ubaya ni kwamba mimi nilipokuwa kama wao sikuuliza. Niliiga tu. Wahenga walisema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Mimi niliulilia nikapewa, na nusura unitoe machozi ambayo hayangekauka. Ndiyo maana leo naandika haya bila haya.

Udevu au ndevu?

Tuanze na sarufi, maana hapa ni chamani. Neno "ndevu" limo katika ngeli ya U-ZI. Mmoja ni udevu, nyingi ni ndevu, kama vile unywele na nywele, ukope na kope, wembe na nyembe. Kwa hiyo nikikwambia kuwa katika Kidato cha Pili nilikuwa na udevu, unielewe vyema. Udevu! Ulikuwa mmoja tu, chini ya kidevu upande wa kushoto, nami niliutunza kama yai. Juu ya mdomo nilikuwa na malaika. Si wale wa mbinguni, bali vile vinyweleo vyororo ambavyo hata mtoto mchanga huwa navyo.

Wakubwa wetu wa lugha wametupa majina kamili. Nywele za juu ya mdomo ni masharubu. Zile za kidevuni ni ndevu. Zile zinazoshuka mashavuni kando ya masikio ni sharafa. Mvulana anapofikia umri wa kupata hayo yote twasema amebaleghe, au anabaleghe.

Sasa tuvuke mpaka tuingie Biolojia kidogo. Mvulana anapobaleghe, korodani zake huanza kutoa kwa wingi homoni iitwayo testosteroni. Homoni hii hufika usoni kupitia damu na kuyaamsha mashina ya nywele. Malaika yaliyokuwa laini na mafupi hugeuka polepole kuwa nywele nene, nyeusi na ngumu. Hazioti zote siku moja. Kwa kawaida huanza katika pembe mbili za mdomo wa juu, zikasogea hadi katikati, ndipo zikaonekana mashavuni na chini ya mdomo wa chini. Kidevu na sharafa huwa za mwisho. Udevu wangu ulikuwa umeruka foleni tu!

Wavulana wengi huona dalili za kwanza wakiwa kati ya miaka 14 na 16. Wengine hutangulia, wengine hungoja mpaka 17 au 18. Ndevu za kujaa uso huweza kuchelewa hata baada ya miaka 20, na zipo nyuso ambazo hazitajaa kamwe. Sehemu kubwa ni ya urithi. Ukitaka kujua zako zitakuwaje, mtazame baba, babu na wajomba zako, usimtazame jirani yako wa kitanda. La kumpeleka mtu kwa daktari si kukosa ndevu. Ni pale mvulana anapofika miaka 14 bila dalili yoyote ya kubaleghe, hasa kama korodani hazijaanza kukua.

Hayo yote nayajua leo. Wakati ule sikujua hata moja.

Usiku wa kabla ya kongamano

Ilikuwa muhula wa pili. Chama chetu kilikuwa kimealika shule moja ya wasichana kwa kongamano la Kiswahili, nami nilikuwa nimechaguliwa kughani shairi. Jamani, msiniulize nilivyojiandaa! Sare niliipiga pasi mara mbili. Viatu ungeweza kujitazama ndani yake.

Usiku huo baada ya masomo ya jioni, tulikuwa sita bafuni. Watano wenzangu walikuwa na kitu cha kunyoa, angalau kidogo. Mmoja wao alikuwa na masharubu kamili, tukimwita "Mzee". Alikuwa na wembe mmoja, ule wa bapa wa makali pande mbili, ambao aliuvunja katikati na kuufunga nusu yake kwenye kijiti. Mzee alimaliza, akausuuza chini ya mfereji, akampa wa pili. Wa pili akampa wa tatu. Wembe ukazunguka kama kikombe cha kahawa barazani.

Ulipofika kwangu, nikasita.

"Na huyu mono atanyoa nini?" mmoja akauliza, wote wakaangua kicheko. Mono ni jina tulilowapa wa Kidato cha Kwanza, na kuitwa hivyo ukiwa cha pili lilikuwa tusi kubwa.

"Wacha anyoe," akasema mwingine. "Ukinyoa mara ya kwanza ndio zinaamka. Wiki mbili tu, utaona."

Msemo wa "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji" niliutekeleza neno kwa neno. Nilitia maji. Sabuni sikutia. Nilivuta ngozi, nikapitisha wembe kwenda juu, kinyume cha nywele, kwa nguvu za mtu anayekwangua sufuria lililoungua. Udevu wangu uliondoka. Pamoja nao kikaondoka kipande cha ngozi, na juu ya mdomo nikajichana mara mbili. Damu ikachuruzika hadi kwenye shati. Sikuwa peke yangu niliyetoka damu usiku ule. Wawili wengine walijikata pia, kabla yangu, kwa wembe huo huo.

Kesho yake nilighani shairi nikiwa na plasta mbili usoni. Shairi lilihusu amani. Sikwambii zaidi.

Somo la mjomba

Baada ya siku chache uso wangu ulijaa vipele. Vilikuwa vigumu, vinauma, vingine vina usaha. Likizo ya Agosti ilipofika, nilikwenda Mombasa kwa mjomba wangu ambaye ni kinyozi kule Kongowea. Nilimkuta akipangusa kioo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hebu njoo mwangani. Nani kakufanya hivi?"

"Nimejinyoa."

"Umenyoa nini? Hapa mbona hapakuwa na kitu!"

Nikamweleza kuwa niliambiwa ukinyoa zinaota upesi tena nene. Mjomba alicheka hadi akaketi kwenye kiti cha wateja. "Ingekuwa kunyoa kunaotesha nywele," akasema, "wenye vipara wote wa Mombasa wangenipigia foleni hapa tangu alfajiri."

Nilipofungua shule nilikwenda maktaba, nikakuta kwamba sayansi inakubaliana na mjomba. Mwaka 1928 mtaalamu wa anatomia wa Marekani, Mildred Trotter, alichunguza nywele za wanaume waliokuwa wakinyoa nyuso zao, akaona kuwa kunyoa hakuziongezi kasi wala unene. Uchunguzi wa baadaye ukasema vivyo hivyo. Sababu ni rahisi kuielewa. Wembe hukata sehemu iliyo nje ya ngozi, na sehemu hiyo haina uhai. Shina lililo chini ya ngozi halipati habari yoyote. Ila unywele ambao haujawahi kukatwa huwa na ncha nyembamba, na ukikatwa hubaki na ncha butu. Ndiyo maana ukijipapasa siku mbili baadaye unaona kama zimekuwa ngumu. Ni zilezile tu.

Kuhusu vipele, mjomba alinieleza jambo ambalo kila mvulana Mwafrika anapaswa kulijua kabla ya kugusa wembe. Nywele zetu wengi zimejikunja. Unywele uliojikunja ukikatwa karibu mno na ngozi, ncha yake kali hupinda na kurudi kuchoma ngozi, au huota ndani kwa ndani. Mwili huudhania kuwa mwiba na kuupiga vita. Hapo ndipo kipele hutokea. Ukikitumbua, huacha alama nyeusi, na kwa watu wengine kovu lililovimba.

Dawa aliyonipa haikuwa ya chupa. "Acha kunyoa," akaniambia. "Uache uso upumzike wiki nne au zaidi. Usitumbue, usichomoe kwa kibanio." Nikatii, vipele vikatulia. Kisha akanifundisha namna ya kunyoa siku zitakapokuwepo za kunyolewa:

1. Osha uso kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ungoje kidogo nywele zilainike. Baada ya kuoga ndio wakati bora.

2. Paka povu la sabuni au krimu ya kunyolea. Usinyoe ngozi kavu hata siku moja.

3. Papasa ujue nywele zinalala upande gani, unyoe kuelekea huko huko. Usivute ngozi, wala usirudie mahali pamoja mara nyingi.

4. Suuza wembe kila baada ya mpito mmoja au miwili. Wembe butu utupe, tena uufunge kwa karatasi usije ukamkata anayezoa taka.

5. Ukimaliza, suuza uso kwa maji baridi, ukaushe kwa kugusagusa. Usisugue.

6. Palipo na chunusi au kidonda, paruke.

7. Ikiwa vipele ni ugonjwa wako, achana na wembe kabisa. Tumia mashine ya kunyolea inayoacha nywele fupi, bila kukwangua hadi ngozini.

Nilimuuliza kwa mzaha, "Mjomba, si wasema kinyozi hajinyoi?" Akafungua mtoto wa meza, akatoa kishikio cha wembe kilichofungwa kwenye kitambaa. "Mimi hujinyoa," akasema. "Na huu hata mdogo wangu wa tumbo moja sijapata kumwazima. Mashine za wateja nazipangusa kwa spiriti kila kichwa kikiondoka. Wembe wa mteja hutumika mara moja, ukatupwa. Mwanangu, nywele si kitu. Damu ndiyo kitu."

Neno hilo la mwisho lilinipita sikio moja likatokea la pili. Sikumwambia kuwa wembe wangu ulikuwa umepita kwa watu watano.

Damu ndiyo kitu

Tulipoingia Kidato cha Tatu, watu wa benki ya damu walikuja shuleni. Wanafunzi waliotimiza miaka 16 waliruhusiwa kujitolea, nasi tukajipanga kwa majigambo. Damu inayotolewa hupimwa kabla ya kupewa mgonjwa: hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na ya C, na kaswende.

Wiki kadhaa baadaye, mmoja wa wale sita aliitwa faraghani pamoja na wazazi wake. Alikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Hakuwa na homa, hakuwa na maumivu, macho hayakuwa ya manjano. Alikuwa mchezaji hodari wa kandanda. Daktari alimweleza kuwa yaelekea aliambukizwa utotoni, kwa sababu mtoto mdogo akiambukizwa, mara nyingi virusi hubaki mwilini kwa miaka mingi bila kujitangaza. Yeye hakufanya kosa lolote.

Angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. Jioni moja alitukusanya nyuma ya bweni, sisi watano, akatuambia kila kitu, kisha akasema kwa sauti iliyokatika, "Mnakumbuka ule wembe?"

Ndugu msomaji, palikuwa kimya hata tukasikia popo mwembeni. Kila mtu alikuwa anahesabu. Nani alinyoa kabla ya nani? Nani alitoka damu? Mimi nilikuwa wa mwisho. Chochote kilichokuwa katika damu ya yeyote kati yao, kilikuwa kimekuja kunikuta mimi.

Muuguzi wa shule alituita, hakutufokea. Alitueleza kuwa virusi vya homa ya ini aina ya B ni vigumu kufa. Vyaweza kubaki hai nje ya mwili, katika tone la damu lililokauka, kwa muda wa siku 7 au zaidi. Damu yenyewe yaweza kuwa ndogo hata isionekane kwa macho. Kusuuza wembe chini ya mfereji ni kujidanganya. Virusi vya UKIMWI havistahimili hivyo vikiwa nje ya mwili, lakini wembe uliotoka usoni kwa mtu dakika hii ukaingia usoni kwangu dakika ile hauvipi nafasi ya kufa.

Kwa idhini ya wazazi wetu tulikwenda kupimwa. Mama alikuja na kijitabu changu cha kliniki alichokihifadhi tangu nizaliwe. Hapo ndipo nilipojua kuwa Kenya ilianza mwaka 2001 kuwapa watoto wachanga chanjo iliyochanganya kinga ya magonjwa matano, homa ya ini aina ya B ikiwemo. Hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mihuri mitatu ilikuwapo. Mama aliigusa mmoja mmoja kwa kidole, hakusema neno. Usiku wa kungoja majibu sikulala.

Majibu yalikuja: sote watano tulikuwa salama. Nililia mbele ya mama, na sioni aibu kuandika. Lakini mwangalie bahati ilivyofanya kazi. Chanjo niliyochomwa nikiwa kichanga nisiyejua kulia kwa sababu ndiyo iliyonilinda. UKIMWI hauna chanjo ya namna hiyo. Homa ya ini aina ya C pia haina. Wembe ule ungaliweza kuleta jingine.

Rafiki yetu yuko darasani nasi hadi leo. Huenda kliniki kwa vipimo, naye amenikubalia niandike haya bila jina. Tunakula pamoja, tunasalimiana kwa mkono, tunagombea mpira. Homa ya ini aina ya B haiambukizwi kwa hayo. Yeyote atakayejaribu kubahatisha ni nani ili amtenge, amelisoma somo hili kichwa chini.

Wazazi wetu walikwisha kupita njia hii. Rais Daniel arap Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, na mafunzo ya kutoshiriki nyembe yakaenea. Hata katika jando mambo yalibadilika. Kwa Wabukusu, ambao hutahiri vijana mwezi wa Agosti katika miaka ya shufwa kama 2022 na 2024, wahudumu wa afya walisisitiza kila kijana awe na kisu chake. Ikiwa jando lenyewe, lililo na mizizi mirefu hivyo, liliweza kujirekebisha, bafu la bweni lina udhuru gani?

Basi, lini?

Sasa nalijibu swali lako, wewe uniulizaye kwa kunong'ona. Hakuna umri. Hakuna sheria ya miaka 13 wala 18. Jiulize maswali matatu:

Kwanza, je, nywele zipo? Malaika si ndevu. Kama hazionekani na mtu aliyesimama hatua mbili mbele yako, huna cha kunyoa. Kungoja hakuharakishi wala hakucheleweshi kitu.

Pili, je, ni mimi nitakaye? Kama zakuwasha, zakukera, au kanuni ya shule yakudai unadhifu, nyoa. Kama hazikusumbui, ziache. Wapo wenzetu ambao dini zao, kama Uislamu na Usingasinga, huwahimiza kufuga ndevu. Mwenye jambo kama hilo azungumze mapema na walimu pamoja na wazazi wake. Lakini ukinyoa kwa sababu bweni limekucheka, huko si kunyoa, ni kunyolewa.

Tatu, je, wembe ni wangu peke yangu? Hili ndilo kubwa. Kama huna wako, kaa na ndevu zako. Hakuna aliyewahi kufa kwa kuwa na ndevu siku ya kongamano.

Jibu likiwa "ndiyo" mara tatu, anza, hata kama una miaka 14. Likiwa "la" hata mara moja, subiri, hata kama una miaka 19. Na mara ya kwanza usiende peke yako bafuni usiku. Mwombe baba, mjomba, kaka au kinyozi mwaminifu akuelekeze. Kama nyumbani hakuna mwanamume, mwambie mama. Mama atajua pa kukupeleka.

Nanyi wakubwa wa mabweni, mnaopitisha wembe huku mkicheka, nawaomba kama ndugu. Udogo wa mono si mzaha wenu. Mkiona mtoto wa watu amesita kama nilivyosita mimi, mwambieni akalale.

Wahenga hawakukosea: mtoto akililia wembe, mpe. Lakini mpe wake.

Zoezi

1. Andika wingi wa maneno haya: udevu, wembe, unywele, ukope. Tunga sentensi moja kwa kila wingi.

2. Eleza tofauti iliyopo kati ya malaika, masharubu, ndevu na sharafa.

3. Kwa nini kunyoa hakuzifanyi nywele ziwe nene? Jibu kwa sentensi tatu.

4. Kwa nini kusuuza wembe kwa maji hakutoshi?

5. "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji." Toa maana ya methali hii, kisha ueleze jinsi mwandishi alivyoitumia vibaya.